Wadudu wanaokula baruti, na ng'ombe wa Mzee Luhende

Wakuu, heshima kwenu, mlioko kazini na mlioko kijiweni.

Humu mimi ni msomaji wa miaka, mchangiaji mvivu. Leo naanzisha uzi kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni, na hapa nilipo siwezi kumweleza mtu bila kesho yake kijiji kizima kuwa nalo.

Majina nimebadilisha, kampuni siitaji, na mgodi msiniulize. Mengine yote ni kama yalivyokuwa. Anayetaka kusema hii ni chai ya kutunga, kikombe anacho mwenyewe, anywe.

Naandika kwa simu, mtanivumilia.

Mimi ni mwenyeji wa Ngara, Nyamiaga pale, Mhangaza wa kuzaliwa. Kazi nafanya upande wa Biharamulo, kwenye kampuni inayotengeneza baruti za mgodini. Sipasui miamba, msinipe sifa zisizo zangu. Mimi nashughulika na maji machafu.

Niwatoe kwanza kwenye filamu. Baruti ya mgodini si vile vijiti vyekundu vyenye utambi. Nyingi ni uji mzito, mweupe, unateleza kama grisi. Unabebwa na lori lenye tangi, unamiminwa kwenye mashimo yaliyotobolewa mwambani. Kilichojaa humo ndani ni naitreti, ndugu wa damu wa mbolea unayoweka kwenye mahindi.

Lori likirudi lazima lioshwe. Tangi, mipira, sakafu, kila kitu. Maji yale ya kuoshea ndiyo yanayoniweka mjini.

Ukiyatazama hayatishi. Yana weupe kidogo na utando wa mafuta juu. Ladha yake ni ya chumvi. Na ng'ombe anapenda chumvi kuliko anavyompenda mwenye ng'ombe, hilo lishikeni, tutalirudia.

Sasa haya maji unayafanyaje? Huwezi kuyamwaga. Ukiyachemsha unajidanganya, maji yanapungua, naitreti inabaki palepale imekolea zaidi. Ukiyachuja kwa mchanga, inapita kama haijaona kitu.

Kwa hiyo tunawapa bakteria wayale.

Msicheke, ni kazi halali hii. Tuna mabwawa matatu yaliyofuatana. La kwanza limefunikwa turubai zito, hewa haipenyi. Bakteria wakikosa hewa wanaipata kwa kuivunja naitreti, na kinachobaki ni gesi ya kawaida tu, hii hii tunayovuta wote. Chakula chao ni molasi kutoka kiwanda cha sukari, tunaimwaga kwenye tundu la kulishia pembeni ya turubai. La pili ni la kutuamisha tope. La tatu limepandwa mafunjo. Mwisho kuna valvu, na baada ya valvu maji yanakwenda zake kwenye kijito.

Mambo yakiwa sawa, turubai linavimba kwa gesi kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Huhitaji hata kupima. Ukifika asubuhi ukalikuta limejaa, unajua jamaa wapo kazini.

Na maji yanayotoka mwisho yanakuwa safi kweli. Kambare waliingia wenyewe kule kwenye mafunjo, hakuna aliyewaleta.

Sasa Mzee Luhende.

Mzee Luhende ni Msukuma, alihamia huku kutoka Shinyanga na mifugo yake zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Zizi lake lilikuwa chini kidogo ya mabwawa yetu, ng'ambo ya kijito. Mzee mrefu, mpole, mwenye ule utani wa taratibu ambao unaugundua ukishafika nyumbani. Mimi alikuwa ananiita ng'wanawane, mwanangu kwa Kisukuma, halafu hapohapo ananicheka kwamba Wahangaza tunafuga ndizi.

Tulifahamiana kwa samadi. Bakteria hawashuki kutoka mbinguni, ukianzisha bwawa unahitaji mbegu yao, na mbegu nzuri iko kwenye mavi ya ng'ombe. Tukamwendea, akatupa. Akawa analeta mwenyewe kwa mkokoteni wake wa maksai, anapitisha getini, walinzi wanamfahamu, anamwaga kwenye lile tundu la kulishia. Aliniuliza ni ya nini. Nikamwambia inasaidia kusafisha maji. Akasema, "Kwetu tunaoga ili mavi yatoke, ninyi mnaoga nayo." Tukacheka, yakaisha.

Hata baada ya bwawa kukolea aliendelea kuleta mkokoteni mmoja mmoja. Nadhani alipenda tu kuja kupiga soga.

Hapo palikuwa na amani wakuu. Nasema hivyo kwa sababu mbele huko hakuna.

Mwaka huo kampuni ikaamua kufanya mkutano wa kijiji, wananchi waelezwe mabwawa yanafanya nini. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Akaja afisa mahusiano kutoka Dar, dada mmoja mchangamfu, hana baya kabisa. Akafunga projekta kwenye darasa la shule ya msingi, watu wakajaa mpaka madirishani.

Akaeleza vizuri tu. Akasema ndani ya bwawa kuna bakteria.

Watu wakatazamana.

Sasa mnaoijua huku mnaelewa. Darasa lile lina Wahangaza, Wasubi, Wazinza, Wasukuma na waliozaliwa na Kirundi mdomoni. Kiswahili ni cha shule, cha sokoni na cha ofisini. Tunakiongea wote, lakini kila mtu anakisikia kwa sikio la kwao. Yule dada akaona hawajamwelewa, akabadilisha, akasema, "Yaani ni vijidudu."

Bibi mmoja nyuma akauliza, "Anasema nini?"

Mwenyekiti wa kijiji, kwa nia njema kabisa, akasimama akapaza sauti akisaidia. "Anasema wadudu! Wameweka wadudu kwenye maji, wanakula baruti!"

Wakuu, ile "viji" ilidondoka palepale. Silabi mbili tu. Nilikuwepo, niliisikia ikidondoka, na sikuona kama kuna neno. Nani angeona? Sisi wenyewe kazini tunawaita wadudu. "Wadudu wameamka?" "Wadudu wana njaa, ongeza molasi." Ndiyo lugha yetu.

Kisha dada akaweka picha ukutani. Bakteria aliyekuzwa, kijani, ana mikia kama mjusi aliyekatwa vibaya, amejaa ukuta mzima wa darasa. Akina mama wakaguna.

Mzee Luhende akanyoosha mkono. Akauliza swali moja, na hilo swali sijalisahau.

"Hao wadudu wakishamaliza kula baruti, watakula nini?"

Dada akatabasamu, akasema, "Watakufa wenyewe kwa njaa, babu, usiwe na wasiwasi."

Mzee akasema, "Mdudu mwenye njaa hafi. Anahama."

Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, lilikuwa limekaa vizuri. Mzee hakucheka. Akakaa, akaweka fimbo yake katikati ya magoti.

Ni mtu ambaye ameona viwavi wakimaliza shamba la mahindi na kuhamia la jirani. Ameona nzige. Alikuwa anaongea kitu anachokijua.

Baada ya hapo nikapata msiba ukweni, Mabawe, kulekule Ngara. Baba mkwe alifariki, nikaomba ruhusa, nikaenda. Ukweni hukimbii matanga, mnajua, unakaa mpaka wakubwa waseme basi.

Niliporudi kazini, kitu cha kwanza nikatazama turubai.

Limelala. Limebonyea katikati, maji yametuama juu yake na majani makavu yanaelea.

Nikapima. Naitreti inayoingia bwawa la kwanza na inayotoka zilikuwa sawasawa. Hapakuwa na mtu kazini humo ndani. Nikafungua tundu la kulishia nikanusa. Bwawa likiwa hai lina harufu, linanuka kama choo cha stendi, ndiyo afya yake. Siku ile lilinuka molasi tupu iliyochacha. Chakula kipo mezani na walaji hawapo.

Nikafunga valvu ya mwisho, nikamwambia injinia, bosi wangu. Akasema wamelala, ongeza molasi. Tukaongeza. Akasema labda baridi. Baridi gani, kiangazi kile, jua linachoma mpaka mafunjo yananyauka ncha.

Nikamwomba asimamishe kuosha malori mpaka tujue kimetokea nini. Hapo akaniangalia kama nimemtukania mama. Mgodi unalipua kila siku, baruti inatakiwa, lori chafu haliruhusiwi barabarani. Malori yakaendelea kuoshwa na mabwawa yakaendelea kujaa.

Mabwawa yakajaa mpaka ukingo ukaanza kuvuja. Ukingo ukipasuka ni balaa kubwa zaidi, hilo ni kweli, simwonei. Basi ikatoka amri, valvu ya mwisho ifunguliwe kidogokidogo, maji yapungue. Nilipinga. Nilipinga mbele ya watu, na nikaambiwa kama kazi imenishinda geti liko wazi.

Naona kuna atakayeuliza kwa nini sikuripoti wilayani. Nilipiga simu. Nikaambiwa mhusika yuko safarini, akirudi atanitafuta. Bado ananitafuta.

Eleweni kijito kile kilivyo kiangazi. Vijito vingine vyote vimekauka. Kinachotiririka pale ni maji yetu tu, na ng'ombe wote wa upande ule wanakunywa pale kwa sababu hakuna kwingine mpaka utembee nusu siku. Na ile chumvi niliyowaambia mshike ndiyo inawavuta zaidi.

Nikashuka mwenyewe kwa miguu mpaka kwa Mzee Luhende.

Nilimkuta amesimama karibu na kijito, ameegemea fimbo, mguu mmoja umepanda juu ya goti kama wafanyavyo wachungaji. Nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba ng'wanawane. Pole na msiba."

Nikamwambia asinyweshe pale kwa siku kadhaa. Maji ya bwawani hayajawa safi.

Akanitazama akatabasamu. Lile tabasamu nililielewa vibaya. Niliona ni la mzee anayemvumilia kijana.

"Sasa hivi ndiyo safi," akasema. "Safi kuliko siku zote. Wewe tulia, kapumzike, macho yako yamechoka na matanga."

Nikamwambia tena, baba nakuomba. Akauliza, "Nikanyweshe wapi?" Nikataja bwawa la mbali la kijiji cha pili. Akasema ndama hawafiki. Akasema atafikiria.

Nikapita kwa mwenyekiti, nikamwomba awatangazie watu. Akasema Jumapili baada ya misa atatangaza, maana ndipo watu wanapokuwa pamoja.

Wakuu, Jumapili haikufika.

Ilikuwa mchana. Mlinzi wetu wa geti la chini alinipigia, hakusalimia, akasema, "Ng'ombe wa mzee wanaanguka."

Nilikimbia. Nilikuta wengine wamelala tayari, wengine wanayumba kama walevi. Wanahema kwa kinywa, ulimi nje. Nikamshika mmoja mdomo nikafunua. Fizi hazikuwa nyekundu, zilikuwa rangi ya majivu.

Vijana wa jirani wakawahi kuchinja mmoja kabla hajafa, ili nyama isiharibike, mnajua kawaida. Kisu kikapita, damu ikatoka.

Ilikuwa ya kahawia. Kama kahawa nzito.

Aliyeshika kisu alikitupa chini akarudi nyuma. Kuna aliyesema sumu. Kuna aliyesema wamerogwa, na macho yakaanza kutafuta jirani wa kumtazama. Mimi nilijua. Naitreti ikiingia mwilini inaigeuza damu isibebe hewa. Mnyama anavuta pumzi, mapafu yanajaa, na bado anakosa hewa mpaka anakufa amesimama juani kweupe.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki kutoka Biharamulo mjini, vumbi mpaka kwenye kope. Alitazama damu mara moja tu, akajua. Akasema ipo sindano, dawa ya rangi ya bluu, ikiwahi inawarudisha. Akasema hana. Akapiga simu kwenye kila duka la dawa za mifugo alilolijua, Biharamulo, Ngara, mpaka Mwanza. Nilimsikia akisema "haya, asante" mpaka nikachoka kuisikia.

Mzee Luhende hakupiga kelele. Alikuwa anapita kati yao, mmoja mmoja, anamgusa kila mmoja kwenye paji la uso na kumtaja jina. Wasukuma ng'ombe wao wana majina, kwa rangi na kwa madoa. Alikuwa anawataja kwa Kisukuma, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Alipofika kwa ng'ombe jike mwekundu, mzee kama yeye, alikaa chini na kukiweka kichwa chake mapajani mpaka kikatulia.

Alikuwa mtu mwenye zizi zima. Kufikia jioni alikuwa na mtamba mmoja na ndama wawili ambao hawakwenda kijitoni siku ile.

Watu walishafika na mapanga na ndoo wakisubiri nyama. Siwalaumu, nyama haipatikani hivi hivi. Daktari akakataa, akasema hailiwi, ikabidi mwenyekiti na mgambo wasimame katikati. Kampuni ikaleta mashine ya kijiko kuchimba shimo. Hilo walilifanya haraka, niwape haki yao, sijawahi kuona kampuni ile ikifanya jambo haraka namna ile. Ng'ombe wakasukumwa shimoni na chuma, mmoja juu ya mwingine, na Mzee Luhende akiangalia.

Nililia wakuu. Mbele ya injinia na mbele ya madereva. Sioni aibu.

Kilichofuata ni vikao. Wakaja watu wa vitambulisho shingoni, wakachukua maji, wakachukua tope. Valvu ikafungwa, na kuosha malori kukasimama. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Majibu ya tope yalirudi yakiwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitegemea. Shaba. Nyingi, kwenye bwawa la kwanza, karibu na tundu la kulishia. Shaba ni kifo kwa bakteria, hata kidogo inawachapa. Injinia akakuna kichwa. Mwisho wakasema labda imetoka kwenye mwamba wa mgodi, imeingia na malori. Wakaandika hivyo na wakafunga.

Mimi sikuridhika.

Mzee Luhende akaanza kuugua. Si ugonjwa wa hospitali. Hali chakula, haongei, anakaa kwenye kigoda mlangoni anaangalia zizi. Mkewe, Mama Kabula, akanitumia salamu kwamba mzee ananiulizia.

Nikaenda na sukari na sabuni, kama unavyokwenda kwa mgonjwa.

Zizi lile bila ng'ombe, sijui niwaelezeje. Hata nzi hawakuwepo. Mama Kabula alinipa kigoda, akaenda jikoni. Mzee akanisogelea akashusha sauti.

"Ng'wanawane, nikuambie kitu. Usimwambie mtu pale kwenu."

Nikasema sawa baba.

"Wale wadudu niliwaua mimi."

Nikasogeza kigoda karibu zaidi.

Akaeleza taratibu, hana haraka. Zamani kule Shinyanga, bwana mifugo alikuwa anakuja na mrututu, zile chengachenga za bluu, anazimwaga kwenye lambo la kunyweshea. Konokono wote wanakufa, na minyoo ya maini inayotoka kwa konokono inaisha, ng'ombe wanapona. Kwa hiyo mtu akimwambia kuna wadudu bwawani, yeye dawa yake anaijua tangu ujana. Huku nako mrututu upo, watu wa kahawa wananyunyizia.

"Mkutanoni mlicheka," akasema. "Sikukasirika. Watoto wa shule mnacheka. Lakini nilisema hawa wakimaliza baruti watashuka kwenye kijito, wataingia kwa ng'ombe, wataingia kwa watoto wanaochota maji. Nani atawazuia? Nikauza lile dume jeusi, unalikumbuka. Nikanunua mrututu Biharamulo, magunia, nikachanganya na samadi juu. Walinzi wako hawakuangalia. Nikawamwagia wote."

Mrututu ni shaba, kwa wasiojua. Ndiyo bluu yake ile.



Akaendelea. "Nilichelewa kidogo. Wengine walikuwa wameshahama. Ndio waliowaingia ng'ombe wangu. Si uliiona ile damu? Walikuwa wameila, wakabakiza makapi."

Halafu akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama jani kavu la mhindi.

"Sasa niambie ukweli, wewe unakaa nao. Bwawani wamekufa wote?"

Nikamwambia, "Wamekufa wote, baba."

Akashusha pumzi. Akasema, "Afadhali. Ng'ombe ni ng'ombe. Wangeingia kwa watoto wa watu."

Kisha akamwita Mama Kabula amletee uji. Nikaambiwa baadaye ndiyo mara ya kwanza kuomba chakula mwenyewe tangu siku ile.

Ndiyo hivyo wakuu.

Fikirieni mambo yalivyo. Wale wadudu walitoka kwenye mavi ya ng'ombe wake mwenyewe. Ndio waliokuwa wanawalinda ng'ombe wake, kila siku, bila kulala. Akauza dume ili awaue. Na aliwaua kwa sababu ya kuwapenda ng'ombe wake na watoto wa majirani ambao wengine hata hawamwamkii.

Sijamwambia. Kampuni nayo sijaiambia, maana naijua, itamtupia mzee mzigo wote na kujisahaulisha nani alifungua valvu huku akijua. Mrututu uliua bakteria. Ng'ombe waliuawa na amri ya mtu mwenye vipimo mezani. Huo ndio msimamo wangu, na anayetaka kubishana nao abishane.

Funzo nililolipata ni dogo na linaniuma. Sisi wa vipimo tunadhani tukishasema kwa Kiswahili tumeeleweka. Mtu akisikia mdudu anamwona mdudu anayemjua yeye, na anamtafutia dawa anayoijua yeye. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Mzee Luhende aliuliza, tena vizuri, na tukamjibu kwa kicheko. Angejibiwa kama mtu mzima siku ile, ng'ombe wake wangekuwa wanapiga kengele saa hizi.

Sasa sababu ya huu uzi.

Mabwawa yanaanzishwa upya. Tope lote lilitolewa, turubai jipya limefungwa. Samadi ya mbegu tumeifuata mbali, kwa mzee haipo. Na safari hii afisa mahusiano haji, wamesema nitaeleza mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa huku.

Nikieleza ovyo, kuna mtu mwingine atakwenda kununua mrututu. Hilo nina hakika nalo.

Nikieleza vizuri, kwamba ni vidogo visivyoonekana, kwamba havihami, having'ati, vinatoka kwenye mavi ya ng'ombe tunaoishi nao, na kwamba vikifa ndipo maji yanapokuwa sumu, basi kila mtu darasani ataelewa. Kila mtu. Na mzee wangu si mjinga, ataelewa kabla ya wote.

Kwa hiyo naombeni mawazo, hasa walimu, wauguzi, mabwana mifugo na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kijiji. Ungetumia neno gani badala ya wadudu? Na ungekuwa mimi, ungemfuata mzee nyumbani kwake kwanza, ukae naye, umwambie mwenyewe? Au ungemwacha na afadhali yake?

Matusi pia napokea, ila yawe na hoja.

Mkutano ni wiki ijayo, darasa lilelile. Jana Mama Kabula alinipitishia ujumbe. Mzee amepata nguvu, anatembea, na kasema atakuja mapema akae mbele. Anataka asikie kwa masikio yake kwamba safari hii hatujaleta wengine.